Metre 402: Historia ya hotirodi na mashindano ya dragi katika Amerika



Somo hili ni la wale wa mekanike na wale wa fizike, lakini wale wa historia wasifunge buletini. Tunataka kueleza jambo lililotokea katika inchi ya Amerika. Vijana walikuwa wakishindana na magari katika barabara za watu, wakafa, wakaua na wengine, na watu wazima wakagawanyika. Wengine walisema: mukataze tu. Wengine walisema: muwape pahali, muwape saa, muwape sheria. Tutaona ni nini iliyofanyika, na tutaona pia bei yake. Mutayarishe kalamu na karatasi, maana kuna hesabu.

Kwanza tueleze maneno mawili. Hotirodi ni gari la kawaida, mara nyingi la zamani, ambalo mwenyewe amelibadilisha kwa mikono yake ili likimbie kupita namna kiwanda kilivyolitengeneza. Dragi ni mashindano ya magari mawili tu. Yanasimama pembeni pembeni, yanaondoka kwa alama moja, yanakimbia mbele bila kona, na lile la kwanza kufika limeshinda. Urefu wa njia ni robo ya maili, ni kusema metre 402, karibu viwanja vine vya mupira vilivyopangwa kwa urefu. Mashindano yote yanaisha mbele wewe hujamaliza kusoma hii paragrafu.

Gari la maskini na ziwa lisilo na maji

Mambo yanaanza na Ford. Kiwanda cha Henry Ford kilitoa gari la aina ya T toka mwaka 1908 mpaka 1927, na hesabu yao ilipita milioni 15. Bei ilishuka mwaka kwa mwaka. Katika 1925 iliwezekana kununua moja kwa dola 260. Sasa ufikiri mwenyewe: inchi yenye magari mapya mengi namna ile, kisha miaka kumi itakuwa na magari makukuu mengi vilevile. Katika miaka ya 1930, wakati kazi zilipotea na feza ilikuwa haba, zile T zilizochoka zililala nyuma ya nyumba na katika mashamba. Kijana aliweza kupata moja kwa feza kidogo sana.

Mwaka 1932 Ford akatoa gari lenye motere ya V8, ni kusema silinda nane zilizopangwa mistari miwili kwa umbo la herufi V. Ilikuwa na nguvu za farasi 65. Ile ya T ilikuwa na 20 tu. Motere za namna hii zilikuwa zaidi katika magari ya matajiri. Sasa mufanyakazi wa kawaida aliweza kuwa nayo, na kisha miaka michache mutoto wake aliweza kuitoa ndani ya gari lililogongwa. Vijana wakachukua V8 wakaiingiza katika gari dogo, jepesi, la zamani. Hotirodi nyingi zilizaliwa hivi.

Lakini jambo la kwanza walilofanya halikuomba hata feza moja: kutosha. Walitosha gardebu juu ya magurudumu, kapo ya motere, paa, kiti cha nyuma, vyote visivyosaidia gari kwenda. Watu walifikiri ni urembo wa vijana wenye kiburi. Kumbe ni fizike. Mukumbuke sheria ya Newton tuliyoisoma: nguvu ni sawa na masi mara akselerasio. Gari la kilo 1200 linasukumwa na nguvu ya newtoni 3600. Akselerasio yake ni 3, maana yake kila segonde mwendo unaongezeka metre 3 kwa segonde. Sasa utoshe kilo 300. Motere ni ileile, hujanunua kitu, lakini 3600 ukigawanya kwa 900 unapata 4. Umeongeza sehemu moja ya tatu kwa ufunguo na bisibisi tu. Maskini anayejua fizike anaweza kumushinda tajiri asiyeijua, na hii njo ilikuwa utamu wa muchezo kwa wale vijana.

Walikimbilia wapi? Katika California, mbali kidogo na muji wa Los Angeles, kuna jangwa la Mojave, na ndani yake maziwa yaliyokauka: Muroc, El Mirage na mengine. Udongo wao ni mugumu na sawa kama meza, kwa kilometre nyingi. Vijana walitoka muji siku ya posho usiku, wakafika asubuhi, wakakimbia. Mwanzoni walikimbia wengi pamoja bega kwa bega. Yule wa mbele aliona njia. Wale wa nyuma waliona vumbi tu. Magari yaligongana ndani ya vumbi na watu wakafa juu ya hii. Mwaka 1937 vyama kadhaa vya vijana viliungana na kuanzisha Southern California Timing Association, kwa kifupi SCTA. Mutazame jina: ni chama cha kupima wakati. Mukutano wake wa kwanza wa mashindano ulifanyika Muroc mwaka 1938. Toka hapo mutu hakuweza tena kusema tu kwamba gari lake linapita la mwenzake. Saa ilisema.

Vitu vya kuongeza nguvu havikupatikana kwa urahisi. Mafundi walivitengeneza wenyewe, na wengine wakawa na kazi ya maisha yote juu ya hii. Vic Edelbrock alikuwa na garaji katika Los Angeles. Mwaka 1938 alitengeneza njia mupya ya kuingiza hewa na esanse katika motere ya Ford yake, na wenzake walipoona linavyokimbia wakamuomba awauzie. Ed Iskenderian, wa ukoo wa Waarmenia, alichonga kile chuma kinachozunguka na kufungua supape, akajua kwamba supape ikifunguka juu zaidi na kwa muda mrefu zaidi motere itapumua vizuri zaidi. Stuart Hilborn alitosha karbirateri, akaweka mutambo wa kupiga mafuta ndani ya motere kwa nguvu. Mwaka 1948 gari lake lilifika maili 150 kwa saa, karibu kilometre 241. Hawa hawakuanza kama wakubwa wa kiwanda kikubwa. Walianza na meza ya kazi na mashini moja mbili.

Kisha vita ya pili ya dunia ikaja. Jeshi lilichukua Muroc kwa kazi ya ndege, na leo pahali pale ni kituo cha ndege za jeshi kinachoitwa Edwards. Lakini vita ilileta pia kitu. Ndege za vita zilibeba tanki za mafuta chini ya tumbo lao, zenye umbo la tone la maji ili hewa ipite bila kuzuia. Bill Burke aliziona wakati wa vita huko Pacific, na vita ilipokwisha zilikuwa zikiuzwa kama takataka za jeshi. Mwaka 1946 alinunua moja, akaweka magurudumu na motere, akaingia ndani yake kama mutu anayeingia katika mutumbwi. Wengi walimuiga. Mwaka 1949 wapenzi wa mwendo walipata pia uwanja mukubwa kupita yote, ile jangwa ya chumvi ya Bonneville katika jimbo la Utah.

Damu katika barabara

Maziwa yalikuwa mbali, na kijana hawezi kungoja siku ya posho. Kisha 1945 waaskari walirudi nyumbani. Wengi walikuwa wamejifunza mekanike katika jeshi, juu ya motere za ndege na za kamio, na walikuwa na feza kidogo mufukoni. Usiku, katika barabara ndefu za Los Angeles na miji mingine, magari mawili yalisimama mbele ya taa nyekundu, madereva wakatazamana, na taa ilipogeuka wakaondoka.

Tusipambe mambo. Hii ilikuwa mubaya. Mutu aliyetoka kazini, mama aliyevusha watoto barabara, hakuulizwa kama anataka kuingia katika mashindano. Magazeti yaliandika kila siku juu ya ajali, na kwa watu wengi neno hotirodi likawa sawa na neno jambazi. Kulikuwa watu wa serikali waliotaka sheria ya kufuta haya magari kabisa. Mwaka 1955 filamu moja inayojulikana sana, Rebel Without a Cause, ilionyesha vijana wawili wanaokimbiza magari ya kuiba kuelekea korongo, na mumoja anaanguka nayo. Wazazi walipoona ile picha, walifikiri njo maisha ya kila kijana mwenye gari.

Wale wa vyama waliona kwamba watapotezwa pamoja na wajinga. Mwezi wa kwanza 1948 walifanya maonyesho makubwa ya magari yao katika Los Angeles ili watu waone kazi ya mikono yao kwa mwanga. Kijana anayeitwa Robert Petersen alisimama akauza namba ya kwanza ya gazeti lake jipya, Hot Rod, senti 25. Gazeti hili lilienea inchi nzima na kusaidia kuunganisha vijana waliokuwa mbalimbali. Mwandishi wake mukubwa akawa Wally Parks, mutu wa SCTA, na mwaka 1951 Parks akaanzisha chama cha inchi nzima, National Hot Rod Association, NHRA. Aliendelea na kazi hii muda mrefu sana. Alikufa mwaka 2007.

Katika vyama vya ile miaka kulikuwa vile vilivyotoza fini mwanachama aliyekamatwa na polisi kwa kukimbiza gari muji. Fini ya serikali, kisha fini ya chama juu yake! Mimi naona hii ilikuwa na nguvu kupita mahubiri mengi, maana kijana anaweza kumudharau polisi, lakini hapendi kufukuzwa na wenzake.

Shida ilibaki moja: pahali. Na hapa vita ilisaidia tena bila kutaka. Amerika ilikuwa imejenga viwanja vingi vya ndege kwa ajili ya jeshi, na kisha vita vingi vilibaki bila kazi, na barabara zao ndefu zilizonyoka. Mwaka 1950 C. J. Hart na wenzake walifungua mashindano ya kila siku ya mungu katika uwanja wa ndege wa Santa Ana, California. Hapo hakuna mutu anayevuka na mizigo yake. Kuna mustari wa kuondoka, mustari wa kufika, saa ya kupima, na mutu wa kutazama kama freni zinashika na kama gari haiko hatari. Bibi yake Hart, Peggy, alikimbia pale yeye mwenyewe na kushinda wanaume.

Lakini mutu ninayemusifu zaidi katika historia hii ni polisi. Katika muji wa Pomona, kamanda wa polisi Ralph Parker na sajini wake Bud Coons walichoka kuwafuata vijana usiku. Wakafanya mupango pamoja nao: muache barabara, nasi tutasaidia kupata uwanja. Mwezi wa nne 1953 NHRA ilifanya mashindano yake ya kwanza pale Pomona, katika pahali pa kusimamishia magari pa uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mwaka uliofuata Coons aliacha unifomu, akaongoza watu wanne waliozunguka inchi na gari na remorke iliyojaa saa za kupima na vyombo vingine. Walifika katika muji, wakaongea na polisi na wakubwa wa pale, wakaonyesha namna ya kupanga mashindano bila kuua mutu, wakaendelea mbele. Mwaka 1955 mashindano ya kwanza ya inchi nzima yalifanyika Great Bend, jimbo la Kansas, katika uwanja wa ndege wa zamani wa jeshi. Mvua ikawafukuza, wakapaswa kumaliza katika Arizona miezi iliyofuata, na Calvin Rice akashinda.

Saa inasema nini

Sasa tuingie katika hesabu, na hapa wengi wanajikwaa.

Gari limekimbia metre 402 kwa segonde 12. Mwendo wake wa katikati ni 402 kugawanya kwa 12, ni 33,5 metre kwa segonde, karibu kilometre 121 kwa saa. Mwanafunzi mwenye haraka atasema: liliondoka kwa sifuri, basi mwishoni lilikuwa na mara mbili, kilometre 241 kwa saa. Hii ingekuwa kweli kama akselerasio ingebaki moja toka mwanzo mpaka mwisho. Lakini ukitazama magari yenye kufanya segonde 12, yanapita mustari wa mwisho na kama kilometre 180 au 185 tu. Zile zingine zimepotelea wapi? Hazikupotea. Nguvu ya farasi ni nguvu ya kusukuma mara mwendo. Motere ikitoa nguvu za farasi zilezile, kadiri mwendo unavyopanda nguvu ya kusukuma inashuka, na hewa nayo inazidi kuzuia. Kwa hiyo gari linaruka sana mwanzoni na kuchoka mwishoni. Ndiyo sababu metre 20 za kwanza zinaamua mengi, na ndiyo sababu dereva anazungusha mipira ya nyuma pahali pamoja mpaka itoe moshi mbele ya kuanza: mupira wa moto unashika njia vizuri.

Mwanzo wenyewe ulileta mabishano. Zamani mutu alisimama mbele ya magari na bendera, na madereva walijifunza kusoma bega lake na magoti yake kuliko bendera. Mwaka 1963 NHRA ilitumia taa katika mashindano yake makubwa: nguzo yenye taa za manjano zinazowaka moja kisha nyingine kwenda chini, kisha ya kijani. Ukiondoka mbele ya kijani, nyekundu inawaka upande wako, umeshindwa. Waamerika waliita nguzo hii muti wa Noeli.

Na hapa kuna kitu ambacho hata watazamaji wengi hawaelewi. Saa ya kila gari inaanza wakati gurudumu linatoka katika mustari, si wakati taa inawaka. Gari A limechelewa segonde 0,05 kisha taa, na limekimbia kwa 12,10. Gari B limechelewa 0,25 na limekimbia kwa 12,00. B ni jepesi kuliko A, karatasi yake inasema hivi. Lakini ujumulishe: A amefika kisha segonde 12,15, B kisha 12,25. A ameshinda. Motere mubaya na dereva anayeamka mapema wamemupita motere mzuri na dereva anayelala.

Baadaye walipata pia njia ya kusimamisha gari la maskini pembeni ya gari la tajiri. Kila dereva anatangaza mbele ya watu muda anaofikiri atafanya. Mwenye kusema muda mrefu anaruhusiwa kuondoka kwanza, kwa tofauti ya ile miaka, nasema tofauti ya zile segonde. Wakitimiza vyote sawasawa, watafika pamoja. Na ili mutu asidanganye kwa kutangaza muda mrefu kupita uwezo wake, sheria inasema: ukikimbia kupita ulivyotangaza, umepoteza. Hapo tajiri hana faida juu ya feza yake. Anayeshinda ni yule anayejua gari lake na kusema kweli juu yake. Mamia ya watu wa kawaida wanakimbia hivi mpaka leo, na gari walilokuja nalo kazini.

Mafuta yenye hewa ndani yake

Kwa wale wa shimi: kwa nini magari makubwa ya dragi yanalia kama radi? Hayatumii esanse. Yanatumia nitrometani, CH3NO2. Tazama formile: kuna oksijeni mbili ndani ya mafuta yenyewe. Motere haikosi mafuta, inakosa hewa ya kuyachoma. Kilo moja ya esanse inaomba karibu kilo 14,7 za hewa. Kilo moja ya nitrometani inaomba 1,7 tu. Ni kweli kilo ya nitrometani inatoa joto kidogo, kama megajuli 11, nayo esanse kama 44. Lakini mufanye hesabu kwa kilo moja ya hewa: esanse itatoa karibu megajuli 3, nitrometani 6,5. Ni zaidi ya mara mbili kwa hewa ileile. Mafuta haya yalivunja motere nyingi na kuongeza mwendo kupita freni na mipira ya wakati ule. NHRA iliyakataza toka 1957 mpaka 1963, kisha ikayaruhusu tena.

Don Garlits wa Florida alikuwa fundi wa mambo haya. Mwaka 1964 alipita maili 200 kwa saa, kilometre 322. Katika ile miaka dereva wa dragsta alikaa nyuma kabisa, motere mbele ya uso wake, bwate ya vitesi kati ya miguu yake. Tarehe 8 mwezi wa tatu 1970, katika uwanja wa Lions karibu na Long Beach, bwate ya vitesi ilipasuka wakati wa kuondoka, ikakata gari vipande viwili na kukata sehemu ya mguu wake wa kuume. Alipokuwa hospitali alifikiri: motere iende nyuma yangu. Wengine walikuwa wamejaribu mbele yake, lakini magari yao yaliyumba na kukataa kwenda mbele. Garlits na wenzake walitafuta sababu. Usukani ulikuwa mwepesi mno: dereva akigeuza kidogo, magurudumu yanageuka sana. Wakaupunguza, na gari likanyoka. Mwaka 1971 alishinda Pomona na gari hilo, na kisha muda mufupi karibu kila mutu aliweka motere nyuma. Hesabu ya madereva waliookoka moto na vyuma juu ya mguu mumoja, hakuna anayeweza kuifanya.

Nani aliruhusiwa kuingia

Tulisema pahali, saa na sheria. Saa haijui kama dereva ni mwanaume ao mwanamuke, ni mweupe ao mweusi. Lakini mulango wa uwanja unalindwa na watu, na watu wanajua. Malcolm Durham, mutu mweusi wa upande wa Washington, alikimbiza Chevrolet katika miaka ya 1960, katika inchi ambayo ubaguzi ulikuwa sheria ya majimbo ya kusini mpaka 1964, akapata jina kubwa kwa kushinda. Shirley Muldowney alizaliwa 1940, akaanza katika mashindano ya barabarani kama wengine. Mwaka 1973 akawa mwanamuke wa kwanza kupewa leseni ya dragsta za Top Fuel, zile za nitrometani, zenye mwendo kupita zote. Alikuwa bingwa wa mwaka katika 1977, 1980 na 1982. Mwaka 1984, karibu na Montreal katika Canada, gari lake lilianguka na mwendo mukali na miguu yake ikavunjika vibaya. Mwaka 1986 alirudi kukimbia.

Basi, tusifikiri kwamba uwanja uliondoa kifo. Tarehe 21 mwezi wa sita 2008, katika Englishtown, New Jersey, motere ya Scott Kalitta ilipasuka karibu na mwisho, parashiti hazikufanya kazi yao, gari likapita uwanja wote na muchanga wa kuzuia, akafa. Mwezi uliofuata NHRA ilikata njia ya magari ya nitrometani: toka metre 402 mpaka 305. Wazee walilalamika kwamba historia imeharibiwa. Mimi nasema metre 97 ni bei ndogo. Tena mwendo haukushuka, maana mwaka 2022 Brittany Force alipita kilometre 540 kwa saa juu ya njia hii fupi. Magari mengine mengi yanaendelea na 402.

Na kuna shida ingine isiyoonekana katika saa. Uwanja wa Lions, uliofunguliwa 1955 kwa musaada wa vyama vya Lions, ulifungwa mwisho wa 1972. Muji ulikuwa umekua mpaka karibu, watu wakachoka na kelele, na walikuwa na haki ya kulala. Viwanja vingine vingi vimekufa namna hii, kwa sababu udongo umekuwa bei kali. Tena motere moja ya Top Fuel leo ni mali ya kampani, kijana hawezi kuijenga nyuma ya nyumba ya wazazi. Na katika miji ya Amerika mashindano ya usiku barabarani hayajaisha; polisi bado wanafukuza, na watu wasiohusika bado wanakufa. Coons na Parker walijua sababu moja: uwanja ukiwa kilometre 200 mbali, taa nyekundu iko hapa tu.

Maulizo

Gari la kwanza limetangaza segonde 14,00; la pili limetangaza 11,50. La kwanza linapewa kuondoka mbele kwa segonde ngapi? Dereva wa kwanza amechelewa 0,10 kisha taa yake na kukimbia kwa 14,05. Wa pili amechelewa 0,05 na kukimbia kwa 11,48. Nani amefika wa kwanza, na nani ameshinda? Mueleze kwa nini majibu haya mawili hayafanani. Kisha mutafute mwendo wa katikati wa gari la Top Fuel linalofanya metre 305 kwa segonde 3,7, na mulinganishe na mwendo wa mwisho wa kilometre 530 kwa saa. Karatasi mulete kwa mwalimu wa fizike mbele ya siku ya tano.